Jina la Mwisho Kiblani

Karibuni, wakubwa kwa wadogo. Nina fundo mkononi. Kulionyesha ni kazi yangu, kulifungua ni kazi yenu.

Katika mji wa Tundwani walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Omari bin Kae, mkata boriti, aliijua mikoko kama mtu anavyowajua jamaa zake. Lali bin Famau, fundi mwashi, aligonga nguzo kwa kidole akakwambia kama ni nzima. Mwana Shali binti Heri alichoma matumbawe akatoa chokaa nyeupe kuliko ya mtu yeyote.

Msikiti wa Ijumaa wa mji huo umejengwa kwa matumbawe, na dari yake ni mawe na chokaa juu ya boriti. Kibla, lile shubaka anamosimama imamu, kimezungukwa na visanduku vilivyochongwa katika jiwe. Ndani ya kila kimoja mna jina la mtu aliyeuokoa msikiti katika zama zake, na kila Ijumaa khatibu huyataja majina hayo, watu wakayasomea Fatiha. Desturi ni jina moja kwa kisanduku kimoja. Kilichobaki kitupu kilikuwa kimoja tu.

Masika fulani boriti zilioza, dari ikaanza kushuka. Khatibu Shee Athmani na wazee wenzake waliwaita wale watatu, wakataka kazi iishe kabla ya Idi. Mwana Shali aliwakumbusha kwamba chokaa mpya hulazwa shimoni kwa miezi.

"Haijalala, babu zangu. Ukiiamsha kabla ya wakati, inauma."

"Idi haingoji, mwanangu," Khatibu akajibu. "Wazee wetu hawakupata kuisali nje."

Basi kila mmoja akaenda kazini kwake.

Omari angeweza kungoja bamvua, yale maji makuu ya bahari, lipite, lakini hakungoja. Lali alikuwa amemtania kwamba boriti zake zimepinda kama miguu ya Khatibu, naye akaapa kuleta zilizonyooka. Aliingia mkokoni, akakata, akazifunga pamoja ziwe chelezo cha kuelea. Chelezo kilifika ufukweni, boriti zimenyooka, kamba imekazwa vizuri. Omari hakuwapo, wala hakuonekana tena.

Lali angebadili boriti moja moja. Kwa kuiwahi Idi alizitoa kadhaa kwa pamoja. Gogo la kuegemeza likateleza, dari ikaelemea upande wa kibla. Alitia bega lake mpaka wenzake walipoleta gogo jingine. Kibla hakikupata hata ufa. Kifua cha Lali kilivunjika, akafa kabla mwezi haujaandama.

Mwana Shali angeilaza chokaa. Aliikoroga ingali moto. Wanawake wa Tundwani huingia msikitini mle siku za kupaka chokaa tu. Alipaka kuta, akafika kiblani, akainua mkono, chokaa ikamwingia machoni. Ukingo wa mwisho aliumaliza kwa kupapasa. Tangu hapo haoni.

Idi ilisaliwa ndani.

Kisha mchonga mawe akaitwa achonge jina katika kisanduku kitupu, watu wakakusanyika uani. Mama yake Omari alisema kwa sauti ndogo kwamba wengine wana makaburi ya kwenda.

"Nipeni mahali pa kumsomea mwanangu."

Zena, mjane wa Lali, alisema kaburi analo, mtoto ndiye hana. "Nikifa mimi, nani atamtaja mume wangu?"

Mwana Shali alikuja akiongozwa mkono. Khatibu alimwambia kwa upole kwamba yeye yu hai, anaweza kujiombea.

"Ni kweli, babu. Lakini wale wawili hawataligusa jina lao. Mimi siku ya chokaa nitaingia, nitalipapasa langu, nijue macho yangu yalikwenda wapi."

Mtu mmoja akashauri yachongwe yote matatu, madogo madogo. Mchonga mawe akatikisa kichwa: matumbawe hayashiki herufi ndogo, yatamomonyoka yote pamoja. Khatibu akamwambia aiache patasi yake kiblani, angoje.

Hadi leo patasi iko pale pale, chini ya kibla. Kila Ijumaa Khatibu huyataja majina, akafika penye kisanduku kitupu, akanyamaza. Nje ya dirisha wanawake watatu wamekaa, viganja wazi, wakingoja.

Nanyi mlionisikiliza, patasi hiyo nimewakabidhi. Omari bin Kae, Lali bin Famau, au Mwana Shali binti Heri: mngechonga jina la nani?