Ngozi Isiyokanyagwa

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakirithishana ngozi kama sisi tunavyorithishana majina, Pimbi aliishi na binti yake Chausiku kwenye majabali ya bondeni, kando ya mto. Songeeni karibu, maana hii siyo hadithi ya kupaziwa sauti.

Desturi yao ilikuwa hivi. Mnyama akikaribia kufa, alimwita mwanawe akamwambia, "Ngozi yangu ni yako." Ngozi hiyo ilitolewa manyoya kwa majivu, ikarowekwa katika maji ya maganda ya mgunga, ikaachwa humo tangu kupanda hadi kuvuna. Ilitoka na rangi ya chai, ikawa tandiko au mbeleko. Chausiku alibebwa katika ngozi ya bibi yake, na alilala juu yake akinusa harufu ya msitu ulionyeshewa.

Kisha Fisi akafungua kiwanda huko juu mtoni. Alikoipata ile chumvi ya kijani hakuna aliyejua. Alimweka Nyati azungushe pipa kubwa la mbao, gurugundu, gurugundu, na ngozi iliyoingia leo ilitoka kesho. Ilitoka laini, tena ilitoka ya buluu, kama midomo ya mtu aliyezama majini. Wanyama wakapanga foleni. Nani hapendi kitu cha haraka? Maji yaliyobaki pipani Fisi aliyafungulia mfereji, yakateremka mtoni.

Kwanza vyura walinyamaza. Halafu matete ya ukingoni yakapauka kuanzia mizizini. Halafu majabali yenyewe, ambako kila magharibi pimbi waliitana mpaka bonde zima likavuma, yakawa kimya. Chausiku alipanda juu ya jiwe lake kama kawaida, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu ila upepo, na harufu ya chuma kilicholambwa.

Pimbi alikuwa mwenye wasiwasi tangu kuzaliwa, yule wa kufunga mlango akarudi kuutikisa. Alianza kumkusanyia mtoto umande wa majani, akiuonja kwanza yeye. Lakini kiangazi kilikuwa kinakuja, na umande haumtoshi mtoto. Akajikaza, akapanda kwenda kwa Fisi.

Alimkuta Fisi amekaa chini ya ngozi ya marehemu mama yake mwenyewe, yule bibi aliyekuwa akiburuta mguu wa nyuma. Ilikuwa imetundikwa mlangoni, ya buluu, ili wateja waione. Pimbi alimwamkia kwa heshima, akamweleza habari za mto na za koo la Chausiku. Fisi alimsikiliza huku akichokoa meno.

"Maji hutembea, Pimbi," alisema. "Yakishatoka kwangu, si yangu tena. Kayaulize yenyewe yanakwenda wapi."

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Nyati hakucheka. Kwato zake zilikuwa zimechanika na kubanduka kwa ile chumvi, lakini aliendelea kusukuma pipa.

Pimbi akarudi nyumbani, na siku zikapita. Asubuhi moja alisahau jembe lenye kutu juu ya mbeleko iliyoloa. Alipoliinua, aliona doa jeusi tititi. Ndipo alipokumbuka mama yake alivyokuwa akimkataza kuweka kisu juu ya ngozi ya mgunga ikiwa mbichi: chuma na mgunga vikikutana huzaa weusi usiofutika.

Aliketi akilitazama lile doa kwa muda mrefu. Kisha akaloweka jembe katika maji ya ukwaju, akayachuja na kuyachuja tena mpaka yakakaribia kuwa meupe. Akachovya kidole, akagusa pembe ya mbeleko. Hapakuonekana kitu. Akangoja. Weusi ukajitokeza taratibu, kama kitu kinachopanda kutoka ndani. Akagusa pia kipande cha ngozi ya buluu kilicholetwa na mto. Alingoja mpaka kikakauka, na hakikuonyesha alama yoyote.

Siku ya pili aliibeba mbeleko akapanda tena. Alichagua jua la utosi, saa ambayo kivuli hujificha chini ya miguu na watu wazima hawapendi kupita njia panda.

"Safari hii umekuja kuazima kimo?" Fisi akamuuliza.

Pimbi akamjibu kwamba amekuja kumngojea mama yake. Alieleza kuwa wafu huja mchana, wakati hakuna kivuli cha kuwachongea, kuangalia kama ngozi zao zimetunzwa. Aliyeijua ngozi yake huikanyaga, akaenda zake kupumzika. Na kwa kuwa mama yake na mama Fisi walikuwa majirani, huenda wakaja pamoja. Je, haiwezekani ngozi zao zitandikwe bega kwa bega?

Fisi alitaka kucheka, ila jina la mama yake lilimzuia. Akaiangua ile ngozi mlangoni.

Pimbi alizitandika chini, zote mbili, akazinyoosha kwa kuzikanyaga tangu mkiani hadi shingoni, kama wafanyavyo watengeneza ngozi. Miguu yake ilikuwa imelowa yale maji ya ukwaju na chuma, na kidole kimoja cha mbele alikuwa amekikunja. Alipomaliza hapakuwa na alama popote. Akaenda kuketi mbali.

Upepo ulisimama. Nyati aliacha pipa.

Juu ya ngozi ya mgunga pakatokea nukta nyeusi. Halafu nyingine kando yake. Halafu kiganja. Unyayo mmoja ukajaa, na wa pili ukaanza kuota mbele yake, kana kwamba mtu asiye na haraka anavuka ngozi ile kutoka mkiani kwenda shingoni.

Fisi alisimama, manyoya ya mgongo yamemsimama. "Ni nyayo zako," alisema, lakini kwa sauti ndogo. "Nimekuona ukikanyaga."

"Umeniona nikizikanyaga zote mbili, mzee wangu. Za kwangu kwenye ngozi ya mama yako ziko wapi?"

Ngozi ya buluu ilikuwa tupu.

"Hizi zina kidole pungufu," Nyati akanong'ona. "Marehemu mama Pimbi alikatwa kidole na mtego. Nilikuwepo."

Fisi akauliza kwa nini mama yake hakukanyaga. Pimbi akasema labda amekuja, akaona kitu cha buluu chenye harufu ngeni, asikijue.

"Na asiyeijua ngozi yake hufanya nini?"

"Huitafuta," Pimbi akajibu. "Huanzia kwa mwanawe."

Nyuma yao lile pipa likalia ng'wiii, likajizungusha kidogo peke yake. Labda ngozi zilikuwa zimeelemea upande mmoja. Pimbi hakujua, na hakutaka kwenda kutazama.

Fisi aliomba ushauri akiwa amekwisha kaa chini. Pimbi alimpa, bila kusahau kitu: mfereji uzibwe, chumvi ya kijani ifukiwe mbali na mto, katika shimo lililosiribwa udongo wa mfinyanzi, ngozi zirudi kwenye maganda ya mgunga, yale yaliyoanguka yenyewe, miti isichunwe, na maji ya mwisho yapite kwanza kwenye madimbwi ya matete. Ngozi ya mama yake nayo irowekwe upya.

"Itachukua muda mrefu," Fisi akalalamika.

"Marehemu hana haraka."

Basi ikawa hivyo. Mvua zikaja zikaosha mto, kwato za Nyati zikaota upya, na chura mmoja akajaribu sauti yake. Mavuno yalipofika, Fisi alimwita Pimbi.

Pimbi alifika kwa jua la utosi, akakuta ngozi ya mama Fisi imetandikwa chini, yenye rangi ya chai. Hakubeba maji ya chuma. Miguu yake ilikuwa mikavu. Fisi aliketi akingoja kama mtoto anayengoja chakula, na Pimbi akatafuta uongo mwingine kichwani, asiupate.

Hakuna aliyeikanyaga ngozi ile.

Nukta nyeusi ikatokea. Ikawa kidole, ikawa unyayo, mkubwa, wenye kucha. Na nyuma yake ukachoreka mstari mrefu, kama wa mguu unaoburutwa.

Fisi aliweka unyayo wake kando ya ule, akalia kimyakimya. Pimbi aliaga kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia, akashuka mlima bila kugeuka nyuma.

Alipokaribia majabali jua lilikuwa linazama. Kitu kikalia juu ya jiwe, kwanza kama mlango mkavu unaofunguliwa, halafu kikapanda, kikapanda, mpaka bonde zima likavuma. Alikuwa Chausiku.

Maji hutembea, wanangu, lakini hayasahau yalikotoka.