Fisi Aliyevaa Namba Nane

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mmekaa?
— Tumekaa!
— Vifungo vinafunga?
— Havifungi!
— Basi viacheni wazi. Hadithi haina namba, kila mtu inamtosha.

Hapo kale, wala si kale sana maana vifungo vilikwishakuwepo, wanyama wote walivaa nguo, na nguo zote zilitoka mkono mmoja. Mkono wa Bibi Fundi. Alikuwa kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba ambaye ukimgusa anajikunja kama mpira, na sindano zake alizaliwa nazo mgongoni. Moja ikivunjika alijipapasa, chwi! akachomoa nyingine.

Bibi Fundi hakuwa na namba. Alikuwa na nyuzi. Ukienda kwake alikuzungushia uzi kifuani, akapiga fundo. Akakuzungushia kiunoni, akapiga fundo. Akakuzungushia nyongani, akapiga fundo. Kisha uzi wako akautundika ukutani, ukakaa hapo maisha. Uzi wa Tembo ulishuka hadi sakafuni ukajilaza. Uzi wa Panya ungetosha kufungia kidole kilichojikata. Hakuna aliyeona fahari, hakuna aliyeona haya. Uzi ni uzi.

Tena kila nguo aliiachia vidole vitatu vya kitambaa ndani ya mshono.

"Akiba hiyo," alimwambia mjukuu wake aliyekaa miguuni pake akiokota vipande. "Kidole cha kuzaa, kidole cha kushiba, kidole cha huzuni. Maana wapo wanaonenepa kwa huzuni. Nguo humfuata mtu, mjukuu wangu. Mtu hafuati nguo."

Tusidanganyane, Bibi Fundi alikuwa mwongo. Alikuambia Ijumaa, ukaenda Ijumaa, nguo bado kitambaa, naye ana sindano mdomoni na umbea mtamu wa kukupoza. Unarudi Ijumaa nyingine, umbea mwingine. Lakini nguo ilipokuja, ilikujia wewe. Ilijua bega lako moja limeshuka.

Bibi Fundi akafa. Mjukuu wake, Kalunguyeye, akarithi nyuzi zote ukutani, harufu ya chaki na pasi ya makaa. Wateja hakuwarithi. Wateja walikuwa wamekwenda kwa Fisi.

Fisi alikuwa amefungua duka ndani ya jabali. Kioo kirefu mlangoni, nguo zimening'inia tayari, hakuna cha kusubiri Ijumaa. Kila nguo na lebo yake shingoni, kila lebo na namba yake. Na Fisi mwenyewe katikati, mabega mapana, tumbo mbele, akiimba:

*Namba haina kosa,*
*kosa ni la mwili!*

Sheria ya duka ilikuwa moja. Nguo ya namba yako isipokutosha, unafunga kula mpaka ikutoshe, na chakula chako unakileta dukani, Bwana Fisi akutunzie usije ukashawishika. Nyuma ya duka kulikuwa na ghala. Fisi alikitunza chakula cha watu kwa bidii sana, hasa nyakati za kula. Kachu, kachu, kachu. Fisi wa ngano hii anakula hata mihogo, msiniulize.

Sasa basi. Bi Ngiri alikuwa anamwoza binti yake.

Bi Ngiri alikuwa shoga yake Kalunguyeye tangu utoto, mnyama wa mwili na kicheko, na katika nchi ile hapakuwa na kigelegele kama chake. Kikianza kwake, ng'ambo ya mto wanaulizana nani anaolewa. Na desturi ya akina Ngiri ni kwamba bibi harusi hatoki ndani mpaka asikie kigelegele cha mama yake. Cha shangazi hakifai. Cha jirani ndiyo kabisa. Cha mama.

Sare ya upande wa mama ilikuwa gauni la zambarau, kutoka kwa Fisi. Jumamosi Bi Ngiri akaenda. Siku zote dukani mle alikuwa kumi na sita. Akalivaa kumi na sita. Likapita kichwani, likapita kifuani, likakwama nyongani.

"Mama, umejiachia," Fisi akasema. "Namba haina kosa."

Bi Ngiri akaleta gunia la viazi, akafunga kula.

Jumatatu akarudi, amepungua. Akalivaa kumi na sita. Likapita kichwani, likakwama kifuani.

"Mama, hujajitahidi. Namba haina kosa."

Bi Ngiri akaleta debe la karanga, akafunga kula.

Jumatano akarudi, amekonda. Akalivaa kumi na sita. Halikupita kichwani.

"Bwana Fisi," akasema kwa sauti ndogo kutoka ndani ya gauni, "hata kichwa kimenenepa?"

"Vipo vichwa vya namna hiyo. Lete mihogo."

Alhamisi mchana Kalunguyeye akaenda kumtazama shoga yake, akamkuta amelala kwenye mkeka, ngozi imemlegea kama shuka kwenye kamba.

"Mwenzangu, umefanywa nini?"

"Nimejiachia," Bi Ngiri akajibu.

"Nani kasema?"

"Gauni."

Kalunguyeye akaketi kando yake. "Hebu nipigie kigelegele nikusikie."

Bi Ngiri akajiinua kwa kiwiko, akavuta pumzi, akatoa ulimi. *Fyuuu.* Kama mpira uliotobolewa. Akajaribu tena. *Fyuuu.* Akajifunika uso.

"Kesho mwanangu atakaa ndani mpaka lini? Harusi isiyo na kigelegele cha mama ni matanga yenye pilau."

Kalunguyeye alirudi kwake mbio, akapapasa ukutani, akarudi na uzi. Ulikuwa uzi wa Bi Ngiri, ule aliopimwa na Bibi Fundi siku ya kushonewa gauni la harusi yake mwenyewe, alipokuwa mwari. Akamzungushia kifuani. Fundo. Kiunoni. Fundo. Nyongani. Fundo. Vyote vilikutana kama siku ile ile.

"Shoga, mwili wako hauna kosa. Umerudi kuwa mwari. Sasa nambie, mwari gani haingii kwenye gauni la kumi na sita hata kichwa?"

Bi Ngiri akautazama uzi. Akaanza kulia, tena si kwa ajili ya Fisi. "Nilikuwa na huu mwili," akasema, "na siku ile nilijiona mnene."

"Gauni lile liko wapi?"

Lilikuwa sandukuni, la njano, limepauka, limetafunwa na nondo shingoni. Kalunguyeye akalikunja, akalitia kwapani.

"Nitalileta kesho."

"Kesho ya fundi?"

"Kesho ya shoga."

Kutoka hapo Kalunguyeye alikwenda moja kwa moja dukani. Fisi alikuwa ghalani, kachu, kachu. Kalunguyeye akainua shingo ya gauni moja, akaitazama kama alivyofundishwa. Kando ya lebo palikuwa na matundu madogo ya sindano. Akatazama la pili. Matundu. La tatu. Matundu juu ya matundu. Lebo zile zilikuwa zikifumuliwa na kuhamishwa kila siku, na aliyezishona alikuwa na mkono mzito na vidole vyenye mafuta ya karanga. Akapekua mshono wa ndani. Hapakuwa na akiba, hata unywele.

"Wewe kidude!" Fisi akatokea akijifuta mdomo. "Toka, utanichania mali kwa miiba yako!"

"Shikamoo, Bwana Fisi. Sikuja kununua, nimetumwa. Wenye harusi wanataka mgeni rasmi. Akae mbele kabisa, kwenye sinia la kwanza."

Fisi akasahau kutafuna. "La kwanza?"

"La kwanza, na nyama juu. Ila avae koti la hapa dukani, watu waone mali. Ndipo tukaanza kubishana. Wapo wanaosema Bwana Fisi ni namba ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili! Nani kasema?"

"Umbea siupendi."

"Mimi ni nane! Nane tangu ujana!"

"Hivyo hivyo niliwaambia. Nikasema, Bwana Fisi ni nane, na atawaonyesha mbele za watu. Nichukue basi koti lako nikalinyooshe?"

Kambani palikuwa na makoti matatu ya namba nane. La kwanza lingemtosha Nyati. La pili lingemtosha Punda. La tatu, la mahameli jekundu, lingembana hata Mbuzi. Kalunguyeye akachukua la mahameli. Hakubadilisha lebo hata moja. Hakukuwa na haja.

Ijumaa asubuhi, na kwa mara ya kwanza katika ukoo ule nguo ilikuwa tayari Ijumaa, Bi Ngiri akavaa gauni lake la njano. Likamkaa. Akatoka akishikwa huku na huku, akaketi. Wanyama wa zambarau walimtazama, wengine wakacheka kwa pembeni, maana nao walikuwa wamebanwa, na aliyebanwa hupenda kucheka.

Ndani, bibi harusi akasubiri. Nje, masinia ya pilau yakaingia yakifuka moshi. Fisi akafika mate yakimdondoka.

"Njoo nikuvike, mgeni rasmi," Kalunguyeye akasema, amepanda juu ya kiti. "Mkono huu. Na huu. Vuta pumzi."

Fisi akavuta.

"Zaidi."

Akavuta, tumbo likaenda mgongoni. Kalunguyeye akafunga kifungo, ta! Cha pili, ta! Cha tatu, ta!

"Umependeza. Sasa usitoe pumzi."

Fisi akakaa mbele ya sinia. Mikono ilisimama ubavuni kama miti ya ua. Shingo haikupinda. Pilau ilikuwa hapo, nyama juu, mvuke unamwingia puani, na mdomo haufiki.

"Karibu, mgeni rasmi," wakasema watu.

"Mmh," akajibu Fisi.

"Koti linakubana?" akauliza Kalunguyeye, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Mm-mh."

"Maana kama linakubana, Bwana Fisi, kuna mawili tu. Pengine kosa ni la mwili. Basi sheria tunaijua, utafunga kula, na chakula chako tutakutunzia sisi. Au kosa ni la namba. Na kama ni la namba, basi kila aliyeacha chakula ghalani arudishiwe."

Sijui nani alianza, naona ni Panya, kwa sauti nyembamba:

*Namba haina kosa,*

na harusi nzima ikaitika:

*kosa ni la mwili!*

Jasho likamtoka Fisi. Akalitazama sinia. Akazitazama nyuso. Akafikiria ghala lote, viazi, karanga, mihogo. Kisha akaitazama tena nyama, iliyokuwa karibu zaidi. Tumbo halijui hesabu za kesho.

"Namba imekosea!" akafoka. "Namba zote! Nazishona mimi mwenyewe, navyotaka! Nifungueni nile!"

Na kwa kuwa alifoka, alitoa pumzi. Ta! Ta! Ta! Vifungo vikaruka, kimoja kikatua ndani ya chai ya Tembo, na koti likapasuka mgongoni, *chaaaa!* Lakini sinia la kwanza halikuwepo tena. Kalunguyeye alikuwa amelisukuma taratibu mpaka mbele ya Bi Ngiri.

Fisi akatafuta sinia la pili. Watu walikuwa wamelizunguka. Akakimbilia ghalani, akakuta mlango wazi, na Nyati, aliyemtangulia mbio, amesimama hapo akigawa magunia. Wanaosema mgongo wa Fisi umeshuka nyuma kwa sababu ya koti lile wanatia chumvi. Lakini hajawahi kuvaa nguo tena, mtazameni.

Bi Ngiri alikuwa anaogopa kula. Alitia tonge moja mdomoni, akaushika mkono wa shoga yake. "Gauni litapasuka."

"Kula."

Akala. Kitambaa kikavutika ubavuni. Kalunguyeye akajipapasa mgongoni, chwi! akaingiza mwiba kwenye mshono, akafumua kidole kimoja. Gauni likafunguka kama mtu anayeshusha mzigo. Na pale mshono ulipokuwa, kitambaa kilikuwa bado cha njano ile ya zamani, njano ya siku ya kwanza, mstari mmoja unang'aa kutoka kwapani hadi chini. Juu yake palikuwa na alama ndogo ya chaki. Mkono wa Bibi Fundi. Kalunguyeye alitaka kuigusa, akaogopa itafutika.

Bi Ngiri akala tena. Akafumuliwa kidole cha pili.

Cha tatu, cha huzuni, wakakiacha kimeshonwa.

Bi Ngiri akafuta mikono, akasimama bila kushikwa, akavuta pumzi mpaka chini kabisa, kwenye nafasi yake yote.

*Lililililililiiiii!*

Mlango ukafunguka, bibi harusi akatoka. Ng'ambo ya mto wakaulizana nani anaolewa.

Uzi wangu umefika mwisho. Nauuma, naukata, anayetaka kuongeza pindo aongeze kwao.

Mnataka funzo? Chukueni. Nguo ikikukataa dukani, usibishane. Namba haina kosa. Rudi nyumbani ukabadilishe mifupa. Na fundi akikuambia Ijumaa, mwamini.