Koti la Mifuko Sita

"Ngano inabisha hodi!"

"Karibu, tuko macho!"

"Inaingia na uongo!"

"Uongo mtamu, iingie!"

Haya, sogeeni, na wewe pale acha kupiga miayo. Palikuwa na Fisi, jitu la miguvu, akiishi na mama yake mzee asiye na jino hata moja. Siku moja Simba akatangaza anatafuta mlinzi wa ghala lake la nyama kavu, ujira wake kipande cha mafuta laini kila jioni. Fisi akamtazama mama yake anavyohangaika na mfupa mkavu, akasema, "Kazi hii lazima niipate."

Mama huyo, Bi Fisi, akamshonea kanzu nyeupe. Akaidarizi shingo kwa mkono, akaipiga wanga, akaifukiza udi.

"Vaa hii, baba. Simba akikuona atajua umetoka kwa watu."

Fisi akashika njia, kanzu kaikunja kwapani isiingie vumbi, ataivaa akifika. Tipu, tipu, tipu. Njiani akamkuta Panya kajitumbukiza ndani ya koti la mtumba, linaburuzika chini, kwarara, kwarara.

"Shikamoo, kaka mkubwa."

"Marahaba. Koti gani hilo limekumeza?"

"La usaili, kaka. Nami naenda kwa Simba. Hebu tazama mifuko."

Fisi akatazama. Miwili kifuani, miwili ubavuni, miwili ndani. Mate yakamtoka, churu, churu.

"Na kanzu yako ina mifuko mingapi?" akauliza Panya.

"Mmoja."

"Mmoja! Ghala zima la nyama, mfuko mmoja! Haya kaka, kila la heri."

Fisi akasita. Akamkumbuka mama yake na sindano yake. Akaikumbuka nyama. Akaitazama tena mifuko.

"Tubadilishane!"

"Wee! Hilo siwezi."

"Tubadilishane au nikutafune!"

"Usinile, kaka, chukua," akalia Panya, na moyoni anacheka.

Fisi akavaa koti, akatoka mbio. Panya akabaki nyuma anaipunguza kanzu kwa meno, kwe, kwe, kwe, mpaka ikamkaa.

Kwa Simba, Fisi hakuulizwa jina wala nguvu zake. Simba alimzunguka tu.

"Mlinzi wa ghala langu, na mifuko sita?"

"Ni... ni ya kupitisha upepo, mzee."

"Toka!"

Anatoka, Panya anaingia, mweupe, ananukia udi, mikono kaikunja kwa adabu.

"Huyu katoka kwa watu," akasema Simba. Kazi ya kulinda ghala akapewa Panya. Panya, jamani!

Fisi alimkuta mama yake mlangoni na beseni la maji, anangoja kuifua kanzu kwa ajili ya kesho.

"Umepata, baba?"

"Nafasi ilijaa, mama."

"Na kanzu?"

Fisi akainamisha kichwa.

Wiki chache baadaye, Panya huyo, tumbo mbele.

"Hodi, Bi Fisi! Nasikia una mkono mzuri. Nishonee kanzu yangu ya kazini, imefumuka ubavuni. Siku hizi nimenenepa."

Bi Fisi akaipapasa shingo ya kanzu. Akaujua mshono wake. Akatunga uzi, akashona, na Panya akamwachia kipande cha mafuta. Mama akakikata katikati.

"Kula, baba, hujala tangu jana."

Fisi, kavaa lile koti tupu, akamrudishia mama kipande chake. Alijuta, jamani. Laiti angeivaa tu ile kanzu.

Funzo lake? Mkiitwa kwenye usaili, vaeni mifuko mingi, na alichowashonea mama wapeni panya.

"Ngano inaaga!"

"Iende salama!"

Iende. Ila mwenye mama, leo amsalimie.