Mdomo wa Nduwaro Ulipokwama Ubaoni

Hapo zamani, nanyi acheni kunong'ona nyuma huko, Pemba palikuwa na ndugu watatu: Kombo, Faki na Shaame. Baba yao alipokaribia kukata roho aliwaachia mashua moja na wasia mmoja: "Atakayemuua nduwaro, yule samaki mwenye mdomo kama mkuki, ndiye nahodha. Wengine wamtii maisha yao yote."

Watatu, usukani mmoja! Faki, wa kati, akakosa usingizi. Kombo ana nguvu, Shaame ana akili, na yeye je? Atatumwa na mdogo wake hadi mvi zimwote?

Wakaenda kilindini, kwenye maji ya buluu mbali na miamba, maana nduwaro hakai ufukweni. Wakakokota chambo, wakakokota, hata samaki akanasa. Jike hilo! Dume halifikii hata nusu ya ukubwa ule. Kombo akashika mshipi, viganja vikachanika, hakuachia.

Mara mistari ya ubavuni mwa samaki ikawaka buluu.

"Kahamaki!" Shaame akapiga kelele. "Anatujia!"

Akaja kweli. Mdomo wake mrefu ukatoboa ubao, ukatokeza ndani karibu na goti la Faki. Samaki akawa anapiga mkia nje, mashua inayumba, maji yanachuruzika pembeni mwa tundu.

Kombo akaokota mti. "Niusukume utoke!"

"Ukitoka tunazama, kaka!" Shaame akamzuia. "Muache. Nduwaro hupumua kwa kwenda mbio. Akizuiwa, maji hayapiti matamvuani, anakufa mwenyewe."

"Na akijichomoa kabla hajafa?" Kombo akauliza.

Hapo hapo Faki akaukumbatia ule mdomo kwa mikono na miguu. Ulikuwa unakwaruza kama msasa. Samaki akivuta, ngozi ya Faki inabaki mdomoni. Faki alilia kwa hofu, nasema kweli, alilia, wala hakuachia. Alilia mpaka mkia ukatulia.

Wakaukata mdomo kwa msumeno, kipande wakakiacha kizibe tundu, wakamfunga samaki ubavuni, wakarudi.

Mama yao, Bi Asaa, akawapokea pwani. "Nani kamuua?"

"Mimi, mama," akasema Kombo. "Nisingeshika mshipi, saa hizi angekuwa Komoro."

"Mimi," akasema Shaame. "Kaka alitaka kutuzamisha. Nani aliyejua anavyokufa?"

"Kujua hakujamuua!" Faki akasema. "Mimi ndiye niliyemzuia asipumue. Mama, nitazame mikono."

Mama akaitazama mikono ya Faki. Akavitazama viganja vya Kombo. Akamtazama Shaame, asiye na jeraha hata moja, ambaye bila yeye angewazika wote watatu. Akakaa chini mchangani, akashika kichwa.

"Nimezaa watatu," akasema, "na wawili nitawavunja moyo leo."

Mashua inatoka alfajiri, na mama hajasema. Haya, semeni nyinyi: je, nani alistahili usukani?