Masharti ya Dawa ya Maboga

Paukwa, wenzangu.
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na chungu motoni!
Kinapika nini?
Hata mpishi hajui!

Haya. Hapo kale alikuwepo Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Wenzake wakila, yeye anakoroga chungu. Wenzake wakipumzika, yeye anakoroga chungu. Koro-koro-koro! Alikuwa akitafuta dawa ya kukuza maboga. Alichemsha majivu na maganda ya ndizi, akamwagia mche, mche ukafa. Akachemsha magadi na mkojo wa mbuzi, mche ukafa pamoja na jirani yake.

Mkewe akasema, "Baba watoto, si bora tushinde njaa kwa amani?"

"Imebaki kidogo tu, mama watoto."

Aliyemnyima raha ni Kiboko. Kila msimu maboga yakikaribia kuiva, Kiboko hutoka mtoni, ndi! ndi! ndi!, akayamaliza yote na majani yake. Sange alikuwa na watoto wanne katika shimo kando ya shamba. Alitaka maboga makubwa kiasi kwamba Kiboko ashibe, abakize.

Asubuhi moja Kiboko akaja. "Sange, nasikia una dawa. Msimu huu nataka maboga makubwa. Yakiwa kama ya mwaka jana, nitalikanyaga shimo lako na waliomo."

Sange akaingiwa na hofu. Watoto wanne shimoni, na chunguni hamna kitu ila maji machafu! Akakizunguka chungu, akakizunguka tena. Kisha akafanya wafanyavyo waganga dawa inapokuwa dhaifu: akaongeza masharti.

"Dawa ipo, mzee wangu. Kila alfajiri uje shambani ujisaidie haja kubwa, uitawanye kwa mkia. Kila jioni ulete maji mdomoni, uyateme shinani. Na mwiko ni mmoja: mpaka mavuno, usipige miayo shambani."

"Nikipiga?"

"Dawa itageuka. Boga utakalokula litaota tumboni, likue kama linavyokua shambani."

Kiboko akacheka. "Miayo tu? Mwaga dawa."

Sange akamwaga. Alfajiri Kiboko akaja, pu! pu! pu!, mkia ukatawanya, fya! fya! fya! Jioni akaja, maji bwaa! Kesho vilevile, keshokutwa vilevile. Maboga yakavimba. Yakawa kama vigoda, yakawa kama mitungi, yakazidi mitungi. Sange mwenyewe alishangaa. Akinusa chungu, akinusa mashina, usingizi hauji.

Siku ya mavuno Kiboko alifika amechoka hoi. Akasimama mbele ya boga la kwanza, akafumbua mdomo: aaaah-huuu!

"Mzee, umepiga miayo," akasema Sange.

"Nilikuwa nafungua mdomo nile."

"Mama watoto, ile si miayo?"

"Miayo kabisa," akajibu mkewe kutoka shimoni.

Kiboko akalitazama boga. Akalitazama tumbo lake. "Linaota kwa siku ngapi?"

"Wewe mwenyewe umeliona shambani, mzee."

Kiboko hakungoja zaidi. Ndi! ndi! ndi!, mpaka mtoni.

Siku hiyo watoto wa Sange walikula maboga mpaka wakalala chali. Sange peke yake hakutulia. Pua inachezacheza. "Mke wangu, ni chungu changu, au ni mavi ya Kiboko?"

"Kula, baba watoto."

Hakula. Alirudi shambani akachora mstari, upande huu dawa, upande ule hakuna. Kisha akashuka mtoni. "Mzee, mwiko uliovunjwa husafishwa."

"Husafishwaje?"

"Kama mwanzo. Alfajiri haja, jioni maji. Msimu mzima."

Machozi yakamlengalenga Kiboko. "Sange, nilivyokutisha vile, bado unanihurumia?"

Na alfajiri iliyofuata alikuwa wa kwanza shambani, mdomo ameufunga, mkia unafanya kazi pande zote mbili.

Ngano yangu nimeitua hapo, mwenye nguvu aibebe. Na funzo, watoto, ni hili: kumdanganya mkubwa ni vibaya sana. Mtazameni Sange anavyoteseka. Mpaka leo anakula maboga kila siku.