Uji Uliovuka Mlima wa Nambinda

Mlima hauulizi bei ya baiskeli.

Mmeisikia leo asubuhi Mama Winfrida akimwambia kijana mmoja, mmecheka, na sasa mnataka kujua ni mlima gani na baiskeli ilikuwa ya nani. Vizuri mmeuliza. Methali usiyojua ilikotoka ni kama mgeni usiyejua jina lake. Unampa kiti, lakini huwezi kumwita. Hii ilianzia hapa hapa Lituru, na ilianza kwa ugonjwa.

Mzee Odilo Kapinga, mume wa huyo huyo Mama Winfrida, alikuwa mkulima wa kahawa, na katika chama cha waendesha baiskeli wa parokia hapakuwa na wa kumshinda kupanda mlima. Chama chenyewe hakikuwa cha mashindano. Wengi walikuwa watu wazima wenye mashamba na wajukuu, waliopenda baiskeli kama wengine wanavyopenda bao. Kila Agosti, sikukuu ya Mama Maria Kupalizwa Mbinguni, walipanda mlima wa Nambinda hadi kwenye groto, pango la sanamu ya Mama Maria lililoko kileleni, wakasali rozari na waumini waliokwenda kwa miguu. Walikuwa na sharti moja tu. Aliyefika wa kwanza haketi. Hugeuza baiskeli yake, hushuka kumfuata aliye nyuma kabisa, nao hupanda pamoja. Rozari haianzi mpaka wa mwisho afike.

Kwa miaka mingi wa kwanza alikuwa Odilo, na wa mwisho alikuwa rafiki yake Bosko Hyera, fundi cherehani, mtu mnene mwenye maneno ya kuchekesha. Odilo alizoea kumkuta kwenye kona ya mianzi, penye mwinuko mkali kuliko pote, akihema.

"Hyera, unaupanda mlima au unaupima?"

"Naupima," Bosko hujibu. "Kuna mtu anataka kuununua."

Kisha mwaka mmoja, wakati wa masika, Odilo akashikwa na homa ya mapafu. Akalazwa katika hospitali ya misheni, iliyoko upande wa pili wa Nambinda, akakaa huko majuma mengi, hata watu wakaanza kumtaja kwa sauti ya chini. Kila asubuhi Bosko alimletea uji wa ulezi ndani ya chupa ya chai, uliopikwa na Winfrida. Siku za mwanzo uji ulikuwa vuguvugu. Baadaye ukawa wa moto, mpaka ikambidi aupulize kwanza. Odilo aliunywa, akashukuru, akalala. Hakuuliza umefikaje. Mgonjwa hana maswali mengi.

Siku moja, alipokuwa hawezi hata kujigeuza kitandani, aliweka nadhiri. Alisema, "Bwana, ukiniinua, siku ya sikukuu ya Mama nitapanda Nambinda kwa baiskeli mpaka kwenye groto, mguu wangu usiguse ardhi, nije nikushukuru."

Na Mungu akamwinua. Alirudi nyumbani suruali ikimzunguka kiunoni kama ya kuazima, lakini alirudi. Kuanzia hapo Bosko akawa anapita kila asubuhi, anapiga kengele njiani.

"Baba Skola, twende mpaka mtoni tu, turudi."

Odilo alikwenda mara moja. Kushuka mtoni alishuka vizuri. Kurudi, kwenye kile kilima kidogo ambacho hata watoto hukipanda wakiwa wamepakiana, alishuka akasukuma. Wanawake waliokuwa wakitoka kuchota maji walimwambia pole, mmoja baada ya mwingine. Pole zile zilimuuma kuliko kifua. Yeye, aliyekuwa akiwafuata wenzake na kuwapandisha, leo anapewa pole kama mtoto aliyedondoka. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akamwambia mkewe, "Chuma hiki ndicho kinachonimaliza. Kizito mno."

Maneno hayo aliyarudia kwa simu, alipozungumza na binti yake Skolastika, ndiye huyo Skola, muuguzi huko Dodoma. Skolastika hakuweza kuja baba yake alipougua. Aliomba ruhusa kazini, hakuipata, akalia. Tangu hapo alikuwa akitafuta kitu cha kumfanyia baba yake, naye baba sasa amekitaja mwenyewe. Haukupita muda mrefu basi likashusha sanduku kubwa. Ndani yake mlikuwa na baiskeli nyeusi, yenye gia nyingi, nyepesi kiasi kwamba Winfrida aliinyanyua kwa mkono mmoja huku ameshika mwiko kwa mwingine. Haikuwahi kuonekana Lituru baiskeli ya namna ile. Majirani walikuja kuigusa. Mmoja akasema, "Mzee, hapa unakalia shamba zima la kahawa."

Winfrida aliizunguka, akaisifu. Kisha akauliza, "Na miguu itakuja na basi lipi?"

Odilo alicheka, lakini hakupenda.

Sasa sikilizeni kosa lake lilipokuwa. Baiskeli ile aliifanya nguo ya sikukuu. Aliifuta vumbi kila siku, akaifunika kwa shuka, akaiendesha Jumapili tu, pale tambarare mbele ya kanisa. Bosko alipopita na kengele yake, alijibiwa kutoka ndani, "Naitunza kwa ajili ya siku yenyewe." Mwisho Bosko akawa anapiga kengele tu na kupita.

Siku yenyewe ikafika. Kwenye barabara ya bonde baiskeli mpya ilikwenda kama iliyopakwa mafuta, na Odilo alikuwa mbele ya wote, akiimba. Mlima ulipoanza, akabadilisha gia, akapanda kona ya kwanza. Akabadilisha tena. Akabadilisha mpaka gia zikaisha, na kifua nacho kikaisha. Wenzake wakaanza kumpita kwa heshima, wakihema, naye hakuinua macho kuona ni nani. Kwenye kona ya mianzi baiskeli ilisimama, na mguu wake ukagusa ardhi.

Aliuangalia ule mguu. Kisha akaketi kwenye ukingo wa njia, akafunika uso kwa kofia yake. Hakuwa akilia kwa ajili ya kupitwa. Alikuwa akilia kwa sababu alimwahidi Mungu kitu kimoja tu.

Baada ya muda akasikia breki zikilia. Mtu alikuwa anashuka kumfuata. Akafikiri ni kijana fulani. Alipoinua kofia, alimwona Bosko juu ya baiskeli yake ya zamani ya chuma, yenye keria nyuma na mpira wa kufungia mzigo.

"Baiskeli imeharibika?" Bosko aliuliza.

"Haijaharibika. Nimeharibika mimi. Na wewe unashuka kufanya nini?"

"Nimefika wa kwanza," Bosko alisema kwa aibu, kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani.

"Wewe, Hyera?"

"Hata mimi nilishangaa. Nilikuwa nimeshaketi, wakanikumbusha sharti."

Odilo aliitazama ile baiskeli ya chuma, akamtazama na mwenyewe. Unene ulikuwa umempungua, naye hakuwa ameona. "Miguu hiyo umeitoa wapi?"

Bosko aliuma mdomo kidogo. "Kwani uji wako ulidhani unaruka?"

"Nilidhani unapata lifti. Gari la maziwa."

"Gari la maziwa halipandi huku masika. Matope yote yale."

Ndege walikuwa wakilia ndani ya mianzi. "Mwanzoni ulikuwa vuguvugu," Odilo alisema polepole.

"Mwanzoni nilikuwa nasukuma."

"Baadaye ulikuwa unaunguza ulimi."

"Basi," Bosko alisema, "umeshajua miguu nimeitoa wapi."

Odilo alishika mkono wa rafiki yake. Kisha akaigusa baiskeli nyeusi. "Na hii? Mtoto amejinyima kwa ajili yake."

"Hiyo ni nzuri. Sijawahi kuona nzuri kama hiyo. Lakini mlima hauulizi bei ya baiskeli, mwenzangu. Unauliza tu mara ya mwisho ulikuja lini."

"Nadhiri yangu imevunjika, Bosko."

Bosko akafikiri. "Ulimwambia Mungu sikukuu ya mwaka gani?"

"Sikutaja mwaka."

"Basi haijavunjika, imechelewa. Leo tutembee. Wapo waliolala wodi ile ile na wewe, wakaahidi kama wewe, na miguu yao haigusi ardhi tena. Twende tukamshukuru kwa hii iliyogusa."

Wakapanda wakisukuma, baiskeli mbili na wazee wawili, na huko juu rozari ikawasubiri.

Kesho yake Bosko alipofika na kengele, alimkuta Odilo amesimama njiani anamngoja. Wakaenda mtoni. Wanawake wakasema pole, naye Odilo akajibu, "Nimeshapoa, mama." Walienda mtoni mpaka mto ukawa karibu, wakaenda mashineni, wakaenda mlimani. Wakati wa Kwaresima Odilo aliifikia kona ya mianzi, akaanguka ndani ya mianzi yenyewe, wakacheka mpaka wakashindwa kurudi. Baiskeli mpya ikajaa matope, ikakwaruzika. Hapo ndipo ilipoanza kuwa yake.

Agosti iliyofuata alipanda Nambinda, wala mguu wake haukugusa ardhi mpaka mbele ya groto. Hakuwa wa kwanza. Alipiga magoti, akasema alichokuwa ameahidi kusema, na kilikuwa kifupi. Alipoinuka akauliza nani bado. Wakamwambia ni Skolastika. Maana mwaka ule binti yake alikuja, mara ya kwanza kwa miaka mingi, akang'ang'ania kupanda na wenzake kwa ile baiskeli ya zamani ya baba yake. Kijana aliyefika wa kwanza alikuwa ameshageuza kumfuata.

"Huyu niachie mimi," Odilo alimwambia.

Alimkuta kwenye kona ya mianzi, ameketi kwenye ukingo ule ule.

"Baba, chuma chako hiki ni kizito. Nipe ile niliyokuletea."

Odilo akampa. Skolastika alipanda, akakanyaga pedali kidogo, na mguu ukagusa ardhi. Akacheka mpaka akashika mwanzi asianguke.

"Na mimi nilidhani ni baiskeli."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Mlima hauulizi bei ya baiskeli, mwanangu."

"Unauliza nini basi?"

"Unauliza mara ya mwisho ulikuja lini."

Kicheko cha Skolastika kikakatika. Odilo hakuwa amekusudia kumlaumu. Neno lilikuwa limetoka kama alivyolipokea. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa binti yake, pale kwenye usukani.

"Umekuja," alisema. "Twende, mama yako anatusubiri huko juu."

Tangu mwaka ule Skolastika huja kila Agosti, na mara nyingine huja mikono mitupu. Mama Winfrida hupenda zaidi akija hivyo.

Kwa hiyo leo, alipomwambia yule kijana anayengoja viatu vipya ndipo aanze mazoezi, hakuwa anamdhihaki. Alikuwa akikumbuka chupa ya chai, na uji uliokuwa ukizidi kuwa moto asubuhi kwa asubuhi. Mlima hauulizi bei ya baiskeli.