Mzee Kajiru Alivyokaa Mahali pa Mrindoko

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Ngano hii ni ya watu wenye kiu, iitikieni taratibu. Paukwa.

Pakawa.

Zamani, zamani ile ambayo hata waliotusimulia walisimuliwa, palikuwa na kijiji kwenye mteremko wa mlima. Maji yao yalitoka kwenye mfereji mmoja. Unatoka msituni, unashuka, unashuka, unapita kwa watu wa Juu, ndipo unafika kwa watu wa Chini. Katikati palikuwa na lango: gogo, majani ya mgomba na udongo. Likizibwa, Juu wanamwagilia. Likizibuliwa, chwaa, Chini wanapata.

Kila kiangazi waligombana. Na kila walipogombana walimwendea Mzee Kajiru. Yeye alikuwa mtu wa Juu, lakini hata Chini walimheshimu. Alisikiliza, akaamua, wakaondoka. Kiangazi kingine, hao wamerudi na ugomvi uleule. Alisikiliza, akaamua, wakaondoka. Hao wamerudi.

Mwisho akachoka. Akasema, "Siamui tena. Nileteeni vijana wenu, wa Juu na wa Chini. Tutacheza."

Watu wakamcheka. Mzee mzima, mvi kichwa kizima, anataka kucheza. Lakini vijana walikwenda, na miongoni mwao alikwenda Namkunda, mke wa Senkondo. Senkondo alikuwa mtoto pekee wa Mzee Kajiru, na ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango.

Mchezo ulikuwa hivi. Mtu wa Juu anakuwa mtu wa Chini, mtu wa Chini anakuwa mtu wa Juu. Ila kabla hujasema kwa kinywa cha mwenzako, unakwenda kwanza kushika kazi yake. Namkunda alipelekwa Chini akateke maji kwenye dimbwi, pamoja na wanawake wa huko. Alirudi shingo inamuuma, na harufu ya tope haimtoki mikononi.

Mzee akamkalisha uwanjani, pale walipopuria mtama.

"Wewe nani leo?"

"Leo mimi ni mwanamke wa Chini."

"Unataka nini?"

"Nataka maji."

"Kila mtu anataka maji. Wewe unataka nini?"

Namkunda akafikiri. Akasema, "Nataka mwanangu anywe kabla ya ng'ombe wa watu wa Juu."

Mzee akamgeukia kijana aliyekaa upande wa pili. "Rudia alichosema. Usimjibu. Rudia mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba umemsikia."

Hivyo ndivyo alivyowafundisha. Rudia kwanza. Uliza kabla hujajibu. Tafuta analoogopa mtu, si analopigia kelele. Na anayeuliza ndiye anayeufunga mchezo: akisema "rudini kwenu", kila mtu anakuwa mwenyewe tena, na yaliyokubaliwa yamepita.

Sasa huko Chini kulikuwa na kijana aitwaye Mrindoko. Ulimi mwepesi, mikono myepesi. Siku moja Mzee akambadilisha na Senkondo. Mrindoko akawa mlinzi wa lango. Akatembea kama Senkondo, kwata, kwata, akakohoa kama Senkondo, kho, kho. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee hakucheka.

"Umemwiga anavyotembea," akasema. "Bado hujaniambia anaogopa nini."

Mrindoko akainua mabega.

Zamu ikawa ya Senkondo. Senkondo alikuwa mzito wa maneno. Akasema, "Leo mimi ni Mrindoko. Naona aibu kuomba maji kila mwaka kwa mtu wa rika langu."

Mrindoko akaangalia pembeni. Namkunda alimwona. Kisha akamtazama mumewe, akajisikia fahari siku ile.

Mchezo ukaleta heri. Viangazi vikapita bila ngumi. Walipangiana zamu za maji, na zamu zikafuatwa. Wale waliokuwa wakimcheka mzee wakaacha.

Kisha likaja jua. Jua lile si la kusimulia. Mfereji ukawa mwembamba kama mkia wa panya. Zamu zikafika mahali hazitoshi mtu.

Asubuhi moja, jua likichomoza, Senkondo alichukua jembe. Namkunda alikuwa akichochea moto, watoto wao bado wamelala.

"Unakwenda wapi hujala?"

"Narudi sasa hivi."

Hakurudi. Alirudishwa, amebebwa na watu, kisogo kimepasuka.

Mrindoko hakukimbia. Alisema, "Ilikuwa zamu ya Juu. Nilikwenda kumwomba anionee huruma. Akaninyanyulia jembe, nami nikajikinga. Tulipigana ana kwa ana." Hivyo ndivyo alivyosema, na watu wa Chini wakashika maneno hayo.

Huko Juu ngoma ikalia. Ndi, ndi, ndi. Wanaume wakanoa mikuki. Damu kwa damu, ndiyo ilikuwa desturi. Walipokwisha kumzika Senkondo, walikwenda kwa baba yake kuchukua neno la mwisho. Wakamkuta keshafika uwanjani, peke yake.

"Mleteni Mrindoko," akasema. "Na watu wa Chini waje wote. Tutacheza."

Mpwa wake, aliyekuwa na mkuki mkononi, akasema, "Mjomba, huu si wakati wa mchezo."

"Wakati wake ndio huu. Siku zile nyingine tulikuwa tunajifunza tu."

Wakaja. Juu upande huu, Chini upande ule. Mzee Kajiru akavuka uwanja, akakaa upande wa Chini, kwenye kigoda cha mshtakiwa. Akamwonyesha Mrindoko kile kigoda cha baba aliyefiwa.

"Namkunda," akasema, "uliza wewe. Mimi nina mahali pa kukaa."

Namkunda alihisi dunia inamwinamia. Kaburi la mumewe halijakauka udongo, naye anaambiwa asimame katikati. Akatamani kumtemea mate yule mzee. Lakini mzee huyo ndiye aliyemlea kwenye mchezo ule, na miguu yake ikaenda yenyewe.

Akamgeukia baba mkwe wake. "Wewe nani leo?"

"Leo mimi ni Mrindoko."

"Unataka nini?"

"Mtoto wangu halii tena. Akiacha kulia ndipo ninapoogopa. Niliamka nikashika jembe, nikaenda kutafuta maji, sikwenda kutafuta mtu."

Watu wa Chini wakainama. Huko Juu kukapita mnong'ono mbaya: mzee anamsemea muuaji wa mwanawe.

Namkunda akamgeukia Mrindoko. "Wewe nani leo?"

Mrindoko akatazama mikuki ya Juu.

"Wewe nani leo?"

"Leo mimi ni Mzee Kajiru."

"Unataka nini?"

"Namtaka mwanangu."

"Kila aliyefiwa anamtaka wake. Wewe unataka nini?"

Ule ulimi mwepesi ukawa jiwe. Mwisho akasema, "Nataka kujua mwanangu alikuwa anafanya nini alipopigwa."



Namkunda akamsogelea. "Mimi pia nataka kujua. Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ameinama." Sauti haikuwa ya mchezo tena. "Alikuwa anachokonoa udongo wa lango. Nikadhani anaziba zaidi, asituachie hata tone. Nikampiga kwa nyuma. Akaanguka, na lango likaachia, chwaa, maji yakanipita miguuni. Alikuwa anatuzibulia. Haikuwa zamu yetu, na alikuwa anatuzibulia."

Kisha mikuki yote ya Juu ikainuka kwa pamoja.

"Mjomba, toka hapo," akasema mpwa.

Mzee Kajiru hakutoka. "Mrindoko ni mimi. Mnayemtaka amekaa hapa. Mchezo haujafungwa, na wa kuufunga ni Namkunda."

Macho yote yakamrudia yeye.

Neno moja tu. Angesema "rudini kwenu", mchezo umekwisha, na Mrindoko amekwisha. Ukweli aliutaka, sasa anao, na ukweli wenyewe ulidai damu kuliko uongo. Akamwona mke wa Mrindoko amesimama nyuma ya watu, mtoto amelegea mgongoni. Hakumhurumia. Nawaambieni ilivyokuwa: hakumhurumia hata kidogo. Alimwona tu, wala hakuweza kuacha kumwona.

Akamgeukia mzee. "Mrindoko, unatoa nini?"

Mzee akasema polepole. "Nitamlimia mjane na watoto wake mpaka watoto washike majembe yao. Lango sitaligusa tena maishani. Tangu leo lilindwe na watu wawili, mmoja wa Juu, mmoja wa Chini. Na kiangazi kikikaza, watoto wote wanywe kwanza, ng'ombe baadaye."

"Na wewe, Mzee Kajiru, unakubali?"

Mrindoko, amekaa kigoda cha baba, hakuweza kunyanyua uso. "Nakubali," akasema. "Nami sistahili kuulizwa."

"Rudini kwenu," akasema Namkunda.

Mikuki ikashuka. Haikushushwa na huruma. Ilishushwa kwa sababu mjane amesema, na juu ya neno la mjane hapakuwa na wa kusema. Jioni ile maji yalifika Chini, na yule mtoto akanywa, akalia.

Kesho yake Namkunda alimpelekea baba mkwe wake chakula. Akakiweka chini, hakuondoka.

"Baba, wewe ndiye uliyemfundisha mume wangu kukaa mahali pa watu wa Chini. Amekufa amekaa hapo."

"Najua, mwanangu."

"Na jana wewe pia ukaenda kukaa hapohapo. Kwenye upande wa Senkondo ukaniacha peke yangu."

"Ningekaa upande wa Senkondo, wangemuua yule. Kisha wangeuawa wengine."

"Najua, Baba. Ndiyo maana nimekupikia."

Akaondoka.

Sifa za Mzee Kajiru zikaenea. Walitoka watu milima ya mbali kuja kujifunza mchezo wake, na Namkunda akawa mkono wake wa kulia. Uwanjani walizungumza vizuri. Nyumbani walizungumza ya chumvi na kuni. Mzee alijizoesha kukaa kwenye vigoda vya watu wengine, na kile cha baba wa Senkondo hakuna aliyewahi kumwona amekikalia. Namkunda alingoja amwone akimlilia mwanawe, akangoja, hakumwona.

Mrindoko alikuja kila msimu na jembe lake. Alilima, akapalilia, akavuna. Namkunda alimwekea chakula kwenye jiwe la mpakani, kisha akaingia ndani. Watoto walikua, yule mtu akaota mvi shambani mwake, na hawakusalimiana.

Mzee alipolala kitandani asiamke, alimwita mkwewe.

"Umenisamehe?"

Namkunda hakujifunza kusema uongo kwa mwalimu yule. "Bado, Baba. Lakini mchezo nitaufundisha."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akafumba macho, na akafa hivyo.

Naye aliufundisha. Akazeeka nao. Mlima ule haukuona tena mkuki kwa ajili ya maji. Vijana walipokuwa wakiigizana na kuchekana, aliwaacha wacheke. Walipochoka kucheka, aliwaambia jina la Senkondo, na alivyokuwa ameinama.

Wanangu, mnaotaka kupatanisha watu, sikieni. Kukaa mahali pa mwenzako ndiko kunakoleta amani, na hakuna njia nyingine ninayoijua mimi. Lakini msidanganywe kwamba hakuumi. Wengi walikunywa maji yale, na waliolipia walikuwa wachache, tena wa nyumba moja.

Nimeifikisha hapa, naitua. Atakayeisimulia kwingine asiitie sukari.